Kidirisha cha Kamera

Msomaji, hapana chombo kiwezacho kukuonyesha kila kitu kwa wakati mmoja. Darubini hukuletea kilele cha mlima karibu, lakini hukunyima bonde lililo kando yake. Historia ya kamera ndogo za filamu zenye kipimaumbali yathibitisha neno hili, nami nalisimulia kwa kuwa nilijifunza kwa hasara.

Mwaka 1925 kiwanda cha Ernst Leitz, katika mji wa Wetzlar, Ujerumani, kilitoa kamera ya Leica iliyobuniwa na fundi Oskar Barnack. Mpiga picha alikadiria umbali kwa jicho, au alitumia kifaa cha kando. Mwaka 1932, katika Leica II, kipimaumbali kiliunganishwa na lenzi. Kazi yake ni hii: vidirisha viwili vilivyoachana hutoa sura mbili za kitu kimoja. Uzungushapo lenzi, sura hizo hukaribiana. Zikilingana na kuwa moja, lenzi imelenga sawasawa. Lakini mtu alipima katika kidirisha kimoja, akapanga picha yake katika kingine.

Contax II ya Zeiss Ikon iliunganisha kazi hizo mbili katika kidirisha kimoja mwaka 1936. Leica ikafanya hivyo mwaka 1954 kwa M3. Ukuzaji wa kidirisha cha M3 ulikuwa 0.91, yaani vitu vilionekana karibu kwa ukubwa ule ule uonwao na jicho tupu. Faida yake yahesabika. Umbali baina ya vidirisha vya kupimia ni milimita 68 hivi. Uzidishe kwa 0.91, utapata 62 hivi. Kadiri hesabu hiyo ilivyo kubwa, ndivyo kosa la kulenga lipunguavyo, na lenzi ndefu za milimita 90 na 135 huhitaji usahihi huo.

Lakini kilichokuzwa hutaka nafasi. Ndani ya M3, mistari ya mpaka wa picha iliyo mipana kuliko yote ilikuwa ya lenzi ya milimita 50. Aliyetaka ya milimita 35, ionayo kwa upana, aliweza kununua lenzi iliyovishwa miwani yake yenyewe! Kwa hiyo M2 ya mwaka 1957 ilipunguziwa ukuzaji hadi 0.72. Mpaka wa 35 ukaingia, na ile hesabu ya 62 ikashuka hadi 49 hivi. Kipimo hicho cha kati kilidumu katika Leica nyingi zilizofuata. Kisha M6 ikapewa pia ukuzaji wa 0.85 mwaka 1998, na wa 0.58 mwaka 2000, kwa kuwa macho ya watu na haja zao si namna moja.

Mimi navaa miwani. Mwenye miwani hawezi kulisogeza jicho hata likikaribie kidirisha kabisa, basi kingo za picha humpotea, hasa penye ukuzaji mkubwa. Siku moja niliazima kamera ya 0.85, nikatia lenzi ya milimita 35, nimpige picha mwalimu wetu mzee siku aliyostaafu, akiwa kati ya wanafunzi wake. Kwa kuwa sikuiona mistari ya kando, nilirudi nyuma, nikarudi tena, hata nikawaona wote. Filamu iliposafishwa, uwanja ulikuwa mkubwa na mbingu kubwa, na uso wa mwalimu mdogo kama punje ya mtama. Mwalimu huyo amekwisha fariki, na picha ile haiwezi kupigwa tena.

Basi, msomaji, kabla hujauliza kamera ipi ni bora, uliza: nitapiga nini, kwa lenzi gani, na kwa jicho la nani? Kwa lenzi ndefu, chagua ukuzaji mkubwa. Kwa lenzi pana, au kwa jicho lenye miwani, chagua ulio mdogo. Ukiwa na haja zote, chagua wa kati, nawe uukubali upungufu wake. Wahenga walisema, mshika mbili moja humponyoka. Mwenye busara huchagua mwenyewe lile atakaloliacha, kabla halijamponyoka.