UTINGO, DUMU LA MAJI NA MLIMA SEKENKE: HISTORIA YA HEWA INAYOUA INJINI

Wiki hii kwenye kona yetu ya watu wasiotajwa majina hakuna msanii aliyeachwa wala mchumba aliyefumaniwa. Kuna utingo. Najua wengine mshaanza kusonya, ila tulieni kidogo. Kuna injini ya mtu ilikuwa inaenda kufunguliwa bure hapa Singida mjini, na historia ndiyo iliyoiokoa.

Iko hivi. Nina mshkaji wangu fundi magari, jina kanikataza nisiandike. Alijibana miezi kadhaa akaagiza kifaa cha kujazia maji ya rejeta kwa kunyonya hewa. Karatasi ya maelezo inasema mshale wa geji ufike kati ya 24 na 27. Akakifunga kwenye gari ya mteja, mshale ukagoma kwenye 22. Akarudia, 22 tena. Kichwani mwake yakabaki mawili tu: ama kapigwa na muuzaji, ama gari inavuja kwa ndani na hedi ishushwe. Mteja mwenyewe ni dereva teksi. Hiyo gari ndiyo kodi ya nyumba, ndiyo ada ya watoto. Kushusha hedi ni hela na ni siku kadhaa bila kazi.

Kabla sijawaambia iliishaje, turudi nyuma kidogo.

MAJI YALIANZA NA GARI LENYEWE

Karl Benz wa Ujerumani alipopata hati ya gari lake mwaka 1886, injini ilipozwa na maji yaliyokuwa yanachemka na kupotea kama mvuke. Maana yake dereva lazima aongeze maji kila mara. Mwaka 1901 likatoka gari la Mercedes lenye rejeta ya Wilhelm Maybach, iliyojaa vijitundu kama sega la nyuki. Upepo unapita kwenye vijitundu, maji yanapoa, yanarudi kwenye injini kufanya kazi ile ile. Rejeta tulizonazo leo ni wajukuu wa lile sega.

Huku kwetu gari lilikuja mapema kuliko watu wanavyodhani. Mjerumani Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam mwaka 1907 na gari, akafika Swakopmund, Namibia ya leo, mwaka 1909. Mwaka huo huo wa 1909 mgodi wa dhahabu wa Sekenke, kule Iramba, ulianza kazi. Jina Sekenke likae kichwani, tutarudi kwake.

WATU WA DUMU

Wanaosafiri leo Dar kwenda Mwanza kwa basi lenye AC hawajui bahati yao. Kabla ya lami kukamilika huku katikati ya nchi, mabasi mengi ya Mwanza yalizungukia Arusha na Nairobi, yaani unatoka Tanzania ili ufike Tanzania! Waliobaki na barabara ya kati walikuwa hasa watu wa malori. Na mlima waliouogopa ni Sekenke, pale nyanda za juu za Iramba zinapoporomoka kwenda mbuga ya Wembere. Ukitoka Igunga na mzigo wa pamba unaupanda kwa gia ya kwanza, gari inakwenda mwendo wa mtu anayetembea. Gari ikienda polepole hivyo upepo haupiti kwenye rejeta, huku injini inavuta kwa nguvu zote. Lazima ichemshe.

Hapo ndipo utingo anaingia. Kazi yake kigingi cha tairi, turubai, na dumu la maji. Nimekaa na mzee mmoja aliyefanya kazi hiyo miaka mingi. Mkono wake wa kulia una kovu kuanzia kiganja hadi kiwiko. Alifungua mfuniko wa rejeta ikiwa ya moto. "Dereva ananipigia kelele, fungua, fungua! Nikafungua." Akanyamaza. Siku hizo hakuna aliyeandika jina la utingo popote, wala hakuna aliyemlipia matibabu.

Kwa nini mfuniko unaunguza namna hiyo? Mfuniko wa rejeta una springi inayozuia presha isitoke. Maji yakiwa ndani ya presha hayachemki upesi, yanaweza kuvuka nyuzi 110 yakiwa bado maji. Ukifungua, presha inatoka ghafla, na maji yale yanageuka mvuke papo hapo. Unaoga nao.

Mzee akaniambia kitu kingine: "Mjukuu wangu, maji ya Dar na maji ya Singida hayachemki sawa. Gari iliyovumilia Dar, huku juu inakuumbua." Nikaitikia tu kwa heshima. Nilidhani ni stori za wazee.

HEWA NDIYO ADUI

Sasa kitu ambacho matingo hawakuambiwa. Ukimwaga maji kwenye rejeta kwa dumu, yanaingia lakini hewa inabaki imejificha kwenye kona za juu: kwenye hedi, kwenye heta, kwenye mipira mirefu ya gari kama Hiace ambayo injini iko chini ya siti na rejeta iko mbele. Hewa haibebi joto kama maji. Mbaya zaidi, kifaa cha kupima joto kikiwa kimezungukwa na hewa, mshale kwenye dashibodi unaweza kutulia kabisa wakati hedi inaungua. Unastuka moshi mweupe huo.

Mafundi wa zamani walikuwa na dawa zao. Inua pua ya gari, acha mfuniko wazi injini ikiwa baridi kisha iwashe, minya mipira kwa mkono mpaka mapovu yaishe. Inafanya kazi, ila inataka muda na uvumilivu. Dawa mbaya ni ile ya "toa thermostati, gari itapoa". Hiyo inaficha tatizo tu, na injini inakunywa mafuta zaidi. Na ukijazia maji ya kisima, visima vingi vya kwetu vina chumvi, na chumvi inaziba lile sega la Maybach taratibu. Tumia kulanti.

Kifaa cha mshkaji kinageuza mambo. Upepo wa kompresa unapita kwa kasi kwenye kijibomba chembamba na kunyonya hewa yote kwenye mfumo, kanuni aliyoiandika Mtaliano Venturi mwaka 1797. Mpira wa rejeta unabonyea kama chupa ya maji uliyoinyonya. Unafunga koki, unasubiri dakika chache. Mshale ukitulia, hakuna panapovuja. Ukifungua koki ya pili, kulanti inajivuta yenyewe mpaka kila kona.

SASA ILE 22

Namba za geji ile ni inchi za zebaki. Ndiyo, zebaki ile ile ambayo wachimbaji wadogo wanakamatia dhahabu. Mwaka 1643 Torricelli aligundua kwamba hewa ya usawa wa bahari inasukuma zebaki juu kama inchi 30. Lakini Singida iko karibu mita 1,500 juu. Hewa ya huku ni nyepesi, inasukuma kama inchi 25 tu. Kwa hiyo huwezi kufika 27 hapa hata ukimleta Venturi mwenyewe! Ile 22 ilikuwa kazi safi kabisa.

Na mzee alikuwa sahihi. Bila presha ya mfuniko, maji hapa yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, wakati Dar ni 100. Alijua kwa mkono wake.

Nikampigia mshkaji usiku ule ule. Asubuhi akavuta tena hewa, akasubiri, mshale haukusogea. Akajaza kulanti, teksi ikaondoka mchana. Hedi haikuguswa.

Kama unataka kununua kifaa hiki, angalia mambo manne. Kompresa yako iwe na nguvu ya kutosha. Vifuniko vya mpira vienee midomo ya rejeta tofauti. Koki ziwe mbili na zisivuje. Geji isomeke vizuri, na ujue mji wako uko juu kiasi gani. Ndoo ya kulanti iwe na zaidi ya inayohitajika, isije ikanyonya hewa tena. Mipira iliyochoka badilisha kwanza. Na usivute hewa injini ikiwa ya moto: kwenye mvuto wa 22 hapa Singida, maji yanachemka kwenye nyuzi 46 tu.

Yule mzee nilipompelekea habari alicheka, akauliza kama hicho kifaa kina mfuniko wa kufungua. Nikamwambia kinafanya kazi gari ikiwa baridi. Akautazama mkono wake, akasema, "Basi vizuri."

Kwenu kuna mtu aliyewahi kuwa utingo? Jina lake usiandike kama hataki, ila stori yake iache hapo chini. Nitazisoma zote.