Vihami joto vinavyolinda baridi kali katika mitambo ya umeme

MTU anapofunika themosi, nia yake ni kuzuia joto la chai lisitoke. Kwa wahandisi wa mitambo ya umeme inayofanya kazi katika baridi kali, kibarua ni kinyume chake: kuzuia joto la dunia lisipenye ndani.

Mitambo hiyo hutumia vipitishi kamili, yaani vitu ambavyo vikipoa kupita kiwango fulani huruhusu umeme wa mkondo mnyoofu upite bila ukinzani wowote. Hali hii iligunduliwa mwaka wa 1911 na mwanafizikia Heike Kamerlingh Onnes wa Leiden, Uholanzi, alipopoza zebaki hadi takriban nyuzi 269 chini ya sufuri kwa kipimo cha Selsiasi.

Kwa miaka mingi, baridi ya kiwango hicho ilipatikana kwa heli kioevu pekee, ambayo ni adimu na ghali. Mambo yalibadilika mwaka wa 1986, J. Georg Bednorz na K. Alex Müller walipogundua jamii mpya ya vipitishi kamili. Mwaka uliofuata kilipatikana kimoja kinachofanya kazi katika takriban nyuzi 180 chini ya sufuri, hivyo naitrojeni kioevu, iliyo na baridi ya nyuzi 196 chini ya sufuri, ikatosha.

Hata hivyo, baridi hiyo haidumu bila kihami madhubuti. Wati moja tu ya joto ikipenya ndani ya chombo cha heli, huchemsha zaidi ya lita 30 za kioevu hicho kwa siku. Wati iyo hiyo katika naitrojeni huchemsha takriban nusu lita.

Aidha, kuliondoa joto hilo hula umeme mwingi. Kanuni za fizikia zinaonyesha kwamba kutoa wati moja kutoka nyuzi 269 chini ya sufuri hadi joto la kawaida la chumba huhitaji angalau wati 70, na mashine halisi huhitaji mamia kadhaa.

NJIA TATU ZA JOTO

Joto huingia kwa njia tatu, na kila njia ina kinga yake.

Ya kwanza ni hewa. Molekuli zake hubeba joto kutoka ukuta wa nje hadi wa ndani. Dawa yake ni ombwe, mbinu aliyoitumia mwanasayansi James Dewar mwaka wa 1892 alipobuni chupa ya kuta mbili isiyo na hewa katikati. Themosi ya nyumbani ni mjukuu wa chupa hiyo. Katika mitambo ya kisasa, hewa hufyonzwa hadi ibaki chini ya sehemu moja kwa milioni kumi ya kanieneo ya kawaida.

Ya pili ni mnururisho, unaovuka hata mahali pasipo na hewa. Ukuta mweusi ulio katika joto la chumba hutoa takriban wati 460 kwa kila mita mraba. Ili kuuzuia, mafundi huzungushia chombo tabaka nyingi za karatasi nyembamba za plastiki zilizopakwa alumini, zikitenganishwa na wavu mwepesi. Kila tabaka hurudisha nyuma sehemu kubwa ya mnururisho uliolifikia. Tabaka 30 hivi, zikiwa ndani ya ombwe zuri, hupunguza joto linalopita hadi takriban wati moja kwa mita mraba.

Tabaka hizo hazifai kukazwa. Zikibanwa hugusana, na joto hupata daraja la kuvukia.

Njia ya tatu ni vitu vigumu: vishikizo vinavyobeba uzito na nyaya zinazoingiza umeme. Vishikizo hutengenezwa kwa nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi ngumu, kwa kuwa hubeba mzigo mzito huku zikipitisha joto kidogo. Nyaya ni mtihani zaidi, kwani shaba inayopitisha umeme vyema hupitisha joto vyema pia.

FUNZO LA MWAKA WA 2008

Mfano mkubwa wa kazi hii ni mtambo wa LHC wa shirika la CERN, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa. Mtambo huo wa duara wenye mzingo wa kilomita 27 una sumaku kuu 1,232 za kupinda miale, kila moja ikiwa na urefu wa mita 15, zilizopozwa hadi nyuzi 271 chini ya sufuri.

Mnamo Septemba 19, 2008, siku tisa tu baada ya kuzinduliwa, kiungo cha umeme kati ya sumaku mbili kilishindwa. Cheche zikatoboa chombo cha heli, na heli ikafurika ndani ya ombwe la kuhami. Takriban tani sita za heli zilipotea, sumaku 53 zikalazimika kuondolewa ili zitengenezwe au zibadilishwe, na mtambo haukurejea kazini hadi Novemba 2009.

Katika mji wa Essen, Ujerumani, kebo ya kipitishi kamili yenye urefu wa kilomita moja ilianza kutumika mwaka wa 2014. Ilipozwa kwa naitrojeni na iliweza kubeba megawati 40 kwa volti 10,000. Kebo za aina hii huwekwa ndani ya bomba la chuma lenye kuta mbili, ombwe na tabaka za alumini. Joto hupenya usiku na mchana hata kama hakuna umeme unaopita, kwa hivyo ubora wa kihami ndio huamua iwapo kebo itaokoa nishati au itaipoteza.

HOSPITALINI NA ZIZINI

Teknolojia hii haiko mbali nasi. Mashine za MRI hospitalini hutumia sumaku za aina hii, na nyingi huhifadhi zaidi ya lita 1,000 za heli kioevu. Ombwe likiharibika, heli huchemka kwa kishindo na kufukuza hewa chumbani, jambo linaloweza kumuua mtu kwa kukosa pumzi. Ndiyo sababu mashine hizo huwekewa bomba la kutoa gesi nje ya jengo. Mwaka wa 2018, kampuni ya Philips ilizindua mashine inayotumia lita saba pekee, zilizofungiwa kabisa.

Wafugaji nao wanaifahamu mitungi ya naitrojeni inayobebea mbegu za fahali. Mtungi ukianza kufanya jasho au barafu kwa nje, ombwe lake limeingia hewa. Mbegu zilizomo zapaswa kuhamishwa mara moja kabla naitrojeni haijakauka.