Sanduku Lililoipa Redio Nguvu ya Kutibu

Tiba mtandao inazungumzwa siku hizi kana kwamba ilizaliwa na simu janja, ilhali madaktari walianza kuwatibu wagonjwa wasiowaona karibu miaka mia moja iliyopita, katika nyika kavu za Australia. Tarehe 15 Mei 1928, huduma ya madaktari wa ndege iliyoasisiwa na mchungaji John Flynn ilianza kazi Cloncurry, mji mdogo wa Queensland, ikiwa na ndege moja ya kukodi kutoka Qantas na daktari mmoja, Kenyon St Vincent Welch. Lakini ndege ingemfaa nini mtu asiye na njia ya kuiita? Fundi wa Adelaide, Alfred Traeger, alitengeneza redio iliyopata umeme kwa kukanyaga pedali, na kuanzia 1929 redio hizo zikafungwa kwenye misheni na mashamba ya mifugo. Mwanzoni zilipeleka alama za Morse tu, taabu kubwa kwa wasiozijua. Baadaye Traeger akaongeza kibao cha herufi, na hatimaye watu wakaweza kuzungumza.

Wasimulizi wengi huishia hapo, kwenye redio na ndege. Kwa maoni yangu, kilichoikamilisha huduma hiyo ni sanduku. Tangu 1942 yalisambazwa masanduku ya dawa ya aina moja, kila dawa na namba yake. Daktari aliyekuwa umbali wa mamia ya kilomita aliuliza dalili, akataja namba na kipimo, na mama wa shambani, hata kama hakuweza kulitamka jina la dawa, aliichukua palepale na kumpa mgonjwa. Hapo ushauri ukawa matibabu, na kwa maradhi mengi ndege haikuhitajika kuruka.

Atatokea wa kusema kwamba hayo yamepitwa na wakati, kwa kuwa leo daktari humwona mgonjwa kwa video. Ni kweli anaona zaidi, na kuona kunapunguza makosa. Ila picha haishushi homa ya mtoto wala haizuii damu ya mzazi. Mwingine atasema Australia ni tajiri, haifai kuwa kipimo chetu. Nakubali tofauti hiyo ipo, lakini hata hapa kwetu mambo yalikwenda vivyo hivyo. Huduma ya madaktari wa ndege iliyoanzishwa Afrika Mashariki mwaka 1957 na wapasuaji Michael Wood, Archibald McIndoe na Thomas Rees, ambayo leo ni Amref, nayo ilijenga mtandao wa redio wa kuunganisha Nairobi na hospitali na zahanati za mbali. Redio hiyo ilikuwa na maana kwa sababu upande wa pili palikuwa na mhudumu wa afya wa kuisikiliza na kutenda.

Basi huduma ya daktari kwa simu ikizinduliwa wilayani kwenu, msiulize kwanza kasi ya intaneti. Ulizeni dawa atakayoiandika itapatikana zahanati ipi, na ni nani atakayekuwepo kuwachoma sindano.