Uso wa Mtawala na Jina la Hela: Sarafu Masasi na Newala

Sarafu za Wagiriki wa kale zilibeba miungu kabla ya kubeba watu. Athens iliweka kichwa cha Athena upande mmoja na bundi wake upande wa pili. Fedha ya Alexander ilikuwa na Herakles aliyevaa ngozi ya simba, na nyuma yake Zeus ameketi. Baada ya Alexander kufariki mwaka 323 KK, Ptolemy wa Misri alimweka marehemu huyo kwenye sarafu akiwa na pembe ya mungu Ammon, kisha akaweka uso wake mwenyewe angali hai. Tangu hapo uso kwenye sarafu ni dai la utawala. Dai hilo lilipofika Masasi na Newala, kusini-mashariki mwa Tanzania, lilipokelewa nusu: watu walishika chuma na thamani yake, uso wakauacha upite.

Pwani ya jirani haikuwa na desturi ya sura. Sarafu za shaba za Kilwa hazina mtu wala mnyama. Upande mmoja una jina la sultani, kama Ali bin al-Hasan, na upande wa pili una maneno ya kumtegemea Mungu, yakipatana kwa vina na jina lile. Sultani alisomwa, hakutazamwa.

Kwenye Uwanda wa Makonde hapakuwa hata na sultani wa kusomwa, kwa kuwa Wamakonde hawakuwa na mfalme mmoja. Makazi madogo yalikuwa na wakubwa wao. Nyuso walizichonga, tena kwa ustadi, lakini kwenye vinyago vya ngoma, na uso wa kinyago ni wa mzimu. Kwa hilo fundi wa Newala alikuwa karibu zaidi na mgonga sarafu wa Athens kuliko na yule wa Berlin aliyegonga uso wa Kaisari.

Rupia ya India yenye kichwa cha Malkia Victoria ilitangulia kuingia kwa njia ya biashara. Rupia ya Kijerumani, iliyoanza kutolewa mwaka 1890, ilikuwa na Kaisari Wilhelm II amevaa kofia ya chuma yenye tai juu yake, na jina lake likiandikwa kwa Kilatini. Kodi ya nyumba ilipoanza mwaka 1898, uso huo ukawa kitu cha kutafutwa: kwa kuuza mazao, kwa kibarua, kwa kukopa.

Mwaka 1904 Wajerumani waliacha hesabu ya pesa 64 kwa rupia moja, wakaleta heller 100. Heller haikuwa na Kaisari. Ile ya shaba ilikuwa na taji na mwaka, na zile za 10, pamoja na za 5 za baadaye, zilitobolewa katikati, mahali ambapo kichwa kingekaa. Hata hivyo ni sarafu hiyo isiyo na uso iliyobaki midomoni: hela. Wilhelm hakuacha neno. Si lazima kuona uasi hapo. Rupia ilishikwa siku ya kodi. Heller ilinunua chumvi kila siku, na lugha hufuata mkono.

Waingereza walirudia mpango uleule kuanzia 1921. Shilingi ilikuwa na George V mbele na simba nyuma. Senti 5 na 10 zilikuwa na tundu, na mfalme akabaki jina na taji.

Benki Kuu ya Tanzania ilipofunguliwa mwaka 1966 iliweka kichwa cha Nyerere kwenye sarafu zote nne: senti 5 yenye samaki, 20 yenye mbuni, 50 yenye sungura, na shilingi yenye mwenge. Kwa umbo huo ni mpango wa Ptolemy, mtawala aliye hai. Maandishi ndiyo yanayotofautiana: RAIS WA KWANZA. Anayeitwa wa kwanza amekwisha kubali kwamba kuna wa pili. Wa pili, Mwinyi, alitokea kweli kwenye shilingi ya 1987.

Hapo safu ikakatika. Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso wilayani Masasi, alitawala kuanzia 1995 hadi 2005, lakini sarafu mpya hazikubeba uso wake. Sarafu ya shilingi hamsini iliyotolewa mwaka 1996 ilikuwa na Mwinyi na faru. Mia mbili ya 1998 ikawa na Abeid Karume, rais wa kwanza wa Zanzibar aliyefariki mwaka 1972, na simba. Tanzania ilikuwa imerudi kwa waliotangulia. Kenya ilikwenda mbali zaidi: Ibara ya 231 ya Katiba ya 2010 inakataza picha ya mtu yeyote kwenye fedha, na sarafu za 2018 zikajaa twiga, faru, simba na tembo.

Mia mbili iliyozunguka miaka mingi huanza kulika kwenye sehemu zilizoinuka, shavu na nywele za Karume, na mgongo wa simba upande wa pili. Muuza duka wa Lupaso haigeuzi kutazama ni nani. Huipima kwa ukubwa wake kiganjani na kuitupa kwenye kopo la chenji.