Vijana Kuongozana: Habari za Usukuma Tangu Zamani za Watemi Hata Leo

Wasikilizaji wetu, leo twataka kuwaeleza habari za jambo ambalo wengi hudhani limeletwa na shule za siku hizi: mwanafunzi aliyetangulia kumshika mkono yule ajaye nyuma yake. Sisi twasema si jambo geni. Katika nchi ya Shinyanga na Geita mizizi yake ni mikubwa kuliko ya shule zenyewe.

Zamani za watemi vijana wa vijiji vya Usukuma walikuwa na chama chao, na mkubwa wao akiitwa nsumba ntale. Huyu hakuwekwa na mtemi, wala na baba zao. Alichaguliwa na vijana wenyewe. Yeye ndiye aliyewakusanya kwenda kulima shamba la mtu aliyeomba msaada, na aliyekosa kazi bila sababu alitozwa faini. Hivyo kijana mdogo alijifunza kazi na adabu kwa kulima bega kwa bega na waliomzidi umri kidogo tu. Alimtii mkubwa wake kwa kuwa alimjua, na kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa na sauti katika kumchagua.

Ulaya nako walimu walilitambua jambo hili, ingawa walijifunza kwa watu wa mbali. Mwishoni mwa karne ya 18 padre mmoja wa Uskochi, Andrew Bell, alikuwa akisimamia shule ya mayatima mjini Madras, nchi ya Uhindi. Huko aliona watoto wa Kihindi wakifundishana herufi kwa kuziandika mchangani kwa kidole. Akaiga, na mwaka 1797 akaandika kitabu. Mwaka uliofuata Joseph Lancaster alifungua shule yake London, ambako mwalimu mmoja aliweza kufundisha mamia ya watoto kwa msaada wa wanafunzi wakubwa. Njia hiyo ilipunguza gharama, lakini ilikuwa na kasoro: wengi walikariri kama kasuku, kwani waliowafundisha walikariri vivyo hivyo.

Shule za serikali zilipoanzishwa Tanganyika chini ya Waingereza, uongozi wa wanafunzi ulikuja kwa sura nyingine. Katika shule ya Tabora, iliyojengwa hasa kwa ajili ya wana wa watemi, waliwekwa viranja. Kiranja alikuwa na amri juu ya wenzake, na alipata posho kubwa kuliko wao. Julius Nyerere aliingia shuleni hapo mwaka 1937 naye akawa kiranja, lakini husimuliwa kwamba alizipinga zile haki za viranja. Tofauti na nsumba ntale yaonekana wazi: mmoja alichaguliwa na wenziwe, mwingine aliwekwa juu yao.

Basi, tuje kwenye siku zetu. Tangu mwaka 2004 shule nyingi za sekondari zimejengwa katika kata, na mwaka 2016 ada ikaondolewa mpaka kidato cha nne. Watoto wengi wakapata mlango. Lakini kupita mlangoni si kufika mwisho wa safari. Mtoto aliyekua akisema Kisukuma au Kizinza nyumbani, akasoma Kiswahili shule ya msingi, akifika kidato cha kwanza hukuta masomo karibu yote ni Kiingereza. Tena shule ikiwa mbali, huenda akapanga chumba, akaishi bila mzazi. Msichana hukabiliwa na mahari: hesabu ya mwaka 2010 ilionyesha kuwa mkoani Shinyanga wanawake 59 katika kila 100 wenye umri wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza miaka 18. Mvulana naye huitwa na dhahabu. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilieleza jinsi watoto walivyoshuka katika maduara na kushika zebaki kwa mikono mitupu, Geita na Shinyanga zikiwamo.

Katika shida za namna hii mwalimu mmoja mwenye darasa kubwa hawezi kujua siri ya kila mtoto. Mwenzake hujua. Ndiyo maana mwaka 1996 wataalamu wa michezo ya kuigiza wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, miongoni mwao Penina Mlama na Amandina Lihamba, walianzisha Tuseme, mpango ambao wanafunzi wa sekondari huyatafuta wenyewe matatizo yao, huyaigiza mbele ya wakubwa, na huunda klabu za kusaidiana. Shirika la CAMFED, lililoanza kazi Tanzania mwaka 2005, huwafunza wasichana waliomaliza masomo ili warudi katika shule za kwao kuwaongoza wadogo zao. Na tangu Novemba 2021, serikali iliporuhusu wasichana waliozaa warejee darasani, wapo wanafunzi wanaohitaji mwenzi zaidi ya kitabu.

Lakini haifai tuwatwike vijana mzigo wa wazee. Mwanafunzi aweza kumweleza mwenziwe hesabu, kumfuata nyumbani asipoonekana siku mbili, na kumtia moyo. Hawezi kuzuia ng'ombe wa mahari wasiingie zizini, wala kumkamata aliyemdhulumu mtoto. Akisikia habari hizo, lazima awe na mtu mzima wa kumwambia, naye mtu mzima huyo achukue hatua, asimnyamazishe.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Enyi wazee, waacheni vijana wachague wakubwa wao kama walivyofanya babu zenu, kisha wasikilizeni. Nanyi wanafunzi mliotangulia, mtazameni leo yule wa kidato cha kwanza akaaye nyuma bila kusema neno. Huenda hakosi akili. Amekosa mtu wa kumwuliza.