Uzi, Kopo na Muline: Kuchagua Chombo cha Kuvulia kwa Makuta Kidogo

Mtu akiandika juu ya desturi za sehemu zetu, mara nyingi anaanza na mahari, ao ngoma, ao matanga. Uvuvi unaachiwa watu wa ziwa. Na kweli Ariwara siyo mji wa ziwa. Sisi tuko juu, kwenye mgongo wa nchi, na samaki wa Ziwa Albert anatufikia akiwa amekwisha kutiwa chumvi ao kukaushwa kwa moshi, juu ya kamyo zinazopanda kutoka Mahagi, ao kutoka Panyimur kwa njia ya Arua.

Hata hivyo, mpaka wenyewe wa nchi yetu ni habari ya maji. Katika mapatano ya mwaka 1894 kati ya Uingereza na Mfalme Leopold II, mstari ulifuata mahali ambapo maji yanagawanyika. Mvua inayoanguka upande wetu inaingia katika mito midogo inayotafuta Kibali, kisha Uele, Ubangi na Kongo, mpaka bahari ya Atlantiki. Ile inayoanguka upande wa Arua inateremka kwa Nile mpaka Mediterania. Mchuuzi anayevuka asubuhi na uzi wa kuvulia ndani ya mfuko wake anatoka katika mto mmoja mkubwa wa Afrika na kuingia katika mwingine, naye anafikiri tu juu ya watu wa forodha.

Nimeanza kufikiri juu ya mambo haya sababu ya mpwa wangu. Alirudi siku moja kutoka soko akasema ameona muline, yaani ile mashini ndogo ya kuzungusha uzi inayofungwa chini ya fimbo ya kuvulia. Neno ni la Kifaransa, moulinet, maana yake kinu kidogo. Wanaotoka Uganda wanasema rili. Aliitaka sana. Lakini bei aliyotajiwa ilikuwa karibu sawa na makuta tuliyokuwa tumeweka kwa minervali ya dada yake aliye sekondari. "Mujomba, ile iko na gololi kumi na mbili ndani!" Nikamwambia tungoje kwanza, tuulize wazee.

Wazee walikuwa na vyombo gani? Samuel Baker, Mwingereza aliyefika kando ya ziwa mwezi wa tatu 1864, alikuta kule watu wa kuvua kweli kweli. Ziwa lilikuwa na jina lake, Mwitanzige, muua nzige. Yeye akalipa jina la mume wa malkia wake. (Wakati wa Zaire likabadilishwa tena likaitwa Mobutu Sese Seko, maji yenyewe hayakuuliza kitu.) Baker aliandika juu ya kamba nene zilizosokotwa vizuri kwa nyuzi za mgomba na za mkonge wa pori, na ndoano kubwa za chuma, na vyusa vya kiboko. Hiyo ni kazi ya mhunzi na kazi ya msokotaji. Ndoano haikununuliwa dukani. Ilikuwa chuma, na chuma kilikuwa mali. Aliyepoteza ndoano alipoteza jembe kidogo.

Kamba ya mgomba ina nguvu, lakini ina shida moja: ni nzito na inakunywa maji. Huwezi kuitupa mbali. Kwa hiyo mtu alikwenda na mtumbwi mpaka pale samaki alipo, ao aliweka mitego na kungoja, ao alitumia chusa. Katika mito midogo ya kwetu vikapu vilitosha, na mahali pengi pa Afrika ya kati watu walitumia utupa, mmea unaolevya samaki, maji yakiwa yamepunguka. Mwalimu mmoja aliniambia kwamba wazee hawakuvua mbali sababu ya uvivu. Mimi naona hapana. Umbali wa mkono ulipimwa na uzito wa kamba.

Wakati wa Wabelgiji mambo yalibadilika kwa sababu ya dhahabu. Iligunduliwa Kilo mwaka 1903, na migodi ya Kilo-Moto ilipokua, wafanyakazi wengi walipaswa kulishwa. Samaki wa Albert, mwenye chumvi, akawa chakula cha kambi, na Kasenyi ikawa bandari yenye shughuli. Nyavu za pamba na za kitani zikaingia. Lakini zilikuwa zinaoza: kila siku kuanika, kila mara kushona. Kisha ikaja nailoni. Kampuni ya DuPont ya Marekani iliitangaza mwaka 1938, na katika miaka ya 1950 ilianza kufika katika maziwa yetu ya Afrika ya mashariki. Haiozi, ni nyembamba, samaki haioni vizuri. Kwangu mimi, mapinduzi ya uvuvi ni pale. Muline bila nailoni nyepesi ingebaki kitu cha matajiri tu.

Muline ya kwanza siyo ya jana. Kuna picha ya Mchina Ma Yuan, ya mwaka 1195 hivi, inayoonyesha mtu ndani ya mtumbwi akiwa na fimbo yenye gurudumu dogo la uzi. Lakini gurudumu la namna hiyo linazunguka wakati uzi unatoka, na kitu chepesi hakina nguvu ya kulizungusha. Mwaka 1884 Peter Malloch wa Perth, Scotland, alitengeneza muline inayogeuzwa upande wakati wa kutupa. Kisha mwaka 1905 Alfred Holden Illingworth, mtu wa viwanda vya nguo kule Bradford, alipata hati ya muline ambayo bobini yake haizunguki kabisa. Alikuwa anaona kila siku kiwandani namna uzi unavyochomoka kwenye ncha ya bobini iliyosimama, bila kuivuta. Akaweka kitu kile kile chini ya fimbo. Hizi tunazoona sokoni leo, hata zile za plastiki tupu, ni wajukuu wa wazo hilo.

Sasa hapa nataka msomaji asimame kidogo. Pale Mahagi-Port nimeona mzee akitupa uzi kwa kopo la maziwa. Kopo tupu, uzi wa nailoni umezungushwa juu yake, ndoano, chambo na kipande cha chuma. Mkono wa kushoto unashika kopo, mdomo wake ukiangalia ziwa. Mkono wa kuume unazungusha ile chuma hewani na kuiacha. Uzi unachomoka kwenye ukingo wa kopo lililosimama. Ni wazo la Illingworth, bila hati, bila gololi. Watoto wanafanya hivyo na chupa. Sisemi mzee yule aliiga kwa Mwingereza, wala Mwingereza kwake. Uzi mwepesi ukiisha kupatikana, mtu mwenye akili anaona namna ya kuutupa.

Basi kopo linakosa nini? Mambo matatu, na ndiyo unayolipia ukinunua muline. La kwanza ni mwendo: mkono wa muline ukizunguka mara moja, waya inapiga bobini karibu mara tano. Zile namba zilizoandikwa, kama 5.2:1, ndiyo maana yake. La pili ni breki. Kapiteni, ambaye watu wa Uganda wanamwita mputa na wa Tanzania sangara, akikimbia, breki nzuri inaachilia uzi polepole bila kukatika. Kwa kopo ni vidole vyako vinavyokatika. La tatu ni fimbo yenyewe, ambayo inasaidia kutupa juu ya matete na inakunywa mshtuko wa samaki.

Tulimpeleka kijana kwa mzee huyo huyo, na muline mbili za kujaribu ambazo mchuuzi alikubali kutuazima kwa rehani. Moja ilikuwa mpya, inang'aa, ndiyo ile ya gololi kumi na mbili. Nyingine ilikuwa ya zamani, ya chuma, rangi imetoka. Mzee hakuhesabu gololi. Alishika mkono wa ile mpya akautikisa mbele na nyuma: ukacheza. Akafunga uzi kwenye mti, akarudi nyuma akizungusha, uzi ukiwa umekaza. Hapo meno ya ndani yalilia. "Dukani inazunguka bure," akasema, "kule hakuna samaki anavuta." Ile ya zamani ilikuwa nzito lakini ilikwenda kimya. Kisha akafungua na kufunga ile waya inayorudisha uzi, mara kumi na zaidi. Resori yake ndiyo inakufa kwanza katika muline za bei ndogo, na resori ikikufa, muline inakuwa uzito wa kutia nanga. Akapitisha kidole kwenye ukingo wa bobini kutafuta mkwaruzo, maana mkwaruzo mdogo unakula nailoni. Mwisho akavuta uzi kwa mkono kupima breki: ya zamani iliachilia sawa sawa, mpya iliruka-ruka, ikashika, ikaruka.

Mpwa wangu akauliza juu ya gololi. Mzee akacheka. Gololi nne nzuri zinapita kumi na mbili mbovu, na namba kwenye karatasi haigharimu mtengenezaji kitu. Ni kweli, katika nchi zinazotengeneza vitu hivi pia, muline za kuanzia, za dola 20 mpaka 40 hivi, zinashindana kwa namba zaidi kuliko kwa meno. Ukubwa unaoandikwa 2500 unatosha kwa tilapia na kambare. Kwa kapiteni wa ziwa ni mdogo.

Kisha mzee akasema neno ambalo sikulitazamia. Aliangalia uzi uliokuwa juu ya ile ya zamani, akaukata kwa vidole, bila kisu. "Huu uko muzee kuliko miye." Jua linaua nailoni, na mwenye kuuza hasemi. Akashauri kununua uzi mpya kwanza, kuujaza mpaka milimita mbili hivi chini ya ukingo, na kuweka muline ndani ya kitambaa, siyo juu ya bati.

Kuna swali lingine ambalo nilimuuliza mimi: kwa mito midogo ya Aru, kijana anahitaji muline kweli? Jibu lilikuwa hapana. Mto ambao unaweza kuuruka haudai kutupa mbali. Ufito na uzi vinatosha, kama vilivyotosha kwa babu yake. Muline ni kwa ziwa, ao kwa mabwawa makubwa. Nami naongeza la kwangu: anayevua kwa ndoano anachukua mmoja mmoja, na mdogo anaweza kumrudisha. Wavu wa mbu unaokokotwa kando ya ziwa haurudishi mtu.

Mwisho wake, ile mpya ilirudi kwa mchuuzi. Ile ya zamani ilinunuliwa kwa bei iliyoshuka baada ya mabishano ya nusu saa kwa Kilugbara, Kiswahili na Lingala, na ililipwa kwa shilingi za Uganda. Minervali haikuguswa. Kijana alikwenda Mahagi-Port wakati wa likizo, akarudi na kambare watatu na tilapia kadhaa, wamekaushwa. Alituambia kwamba siku ya kwanza alitupa karibu na mzee wa kopo, na uzi wa mzee ulifika mbali kuliko wake kwa hatua mbili ao tatu.