Tuhame au tubaki? Historia fupi ya swali la Windows

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10. Hakuna kompyuta iliyozimika. Walioamka tarehe 15 waliwasha mashine zao kama kawaida, picha zilikuwa pale pale na barua pepe zilifunguka. Ndiyo maana watu wengi kwenye familia zetu wanauliza: kama inafanya kazi, nihame kwa nini?

Ni swali zuri, tena la zamani. Limeulizwa kila mara toleo jipya linapotoka, na jibu lake halikuwa lile lile kila mara. Kuna wakati waliobaki nyuma ndio waliokuwa na akili. Kuna wakati kubaki nyuma kuliwaumiza wagonjwa hospitalini. Nataka tuipitie historia hiyo pamoja, kwa sababu ndani yake kuna swali jingine linalosaidia zaidi kuliko "nihame au nisihame".

Kwanza tuelewane neno. Windows ni mfumo endeshi, yaani programu mama inayoiamsha kompyuta na kuziwezesha programu nyingine zote kufanya kazi. macOS ni mfumo endeshi, Linux pia, na Android iliyo kwenye simu yako. Kubadilisha mfumo endeshi ni kama kubadilisha sakafu ya nyumba wakati vyombo vyote bado vimo ndani. Lazima usite kidogo.

Kipya kinyemi

Wazee wana methali: kipya kinyemi, kingawa kidonda. Maana yake, kitu kipya hupendeza hata kama ni kidonda. Tarehe 24 Agosti 1995 ilikuwa siku ya methali hiyo. Windows 95 ilipotoka, watu walipanga foleni madukani usiku wa manane. Hapa Uingereza gazeti la The Times liligawiwa bure siku hiyo, kwa sababu Microsoft ililipia nakala zote. Ukinunua Windows 95 ya disketi ulipewa disketi 13, uzichomeke moja baada ya nyingine. Na watu walifanya hivyo huku wanacheka!

Lakini tusiwadharau. Walikuwa na sababu. Windows 95 ilileta menyu ya Start na ule mstari wa chini wenye vitufe ambao tunautumia mpaka leo. Zamani jina la faili liliishia herufi nane, sasa uliweza kuandika jina refu likaeleweka. Kwa mwenye kompyuta yenye nguvu ya kutosha, kuhama kulikuwa na faida unayoiona kwa macho.

Usiache mbachao

Kuna methali nyingine inayovuta upande wa pili: usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha ni mkeka uliochakaa. Msala ni mkeka wa kusalia, nao ukiwa wa mtu anayepita, atauchukua aende zake. Usitupe chako kikuukuu kwa ajili ya kizuri kisichokaa.

Methali hii ilipata siku zake kuanzia 2007. Watu walikuwa wameizoea Windows XP iliyotoka Oktoba 2001. Januari 2007 ikaja Windows Vista. Ilikuwa nzito. Ilikuuliza ruhusa kila unapogusa kitu. Printa za zamani zilikataa kuelewana nayo. Kompyuta nyingine ziliuzwa na stika ya kusema zinaiweza Vista, kumbe zinaiweza ile ya chini kabisa, isiyo na madoido yaliyotangazwa, na watu Marekani wakafungua kesi. Wengi wakasema jamani, sisi tunabaki na XP yetu. Walisubiri mpaka Windows 7 ilipotoka Oktoba 2009, ndipo wakahama.

Ikajirudia. Oktoba 2012 Windows 8 iliondoa menyu ya Start na kujaza skrini vigae vikubwa vya kugusa kwa kidole, wakati watu wengi walikuwa na kipanya mkononi. Wengi wakabaki na Windows 7. Mwaka 2015 Windows 10 ilitolewa bure mwaka wa kwanza kwa waliokuwa na 7 na 8.1, na hapo Microsoft ilibembeleza mpaka ikachosha. Mwaka 2016 watu walilalamika kwamba ukibonyeza alama ya X kufunga tangazo la kuhama, kompyuta inahesabu kwamba umekubali.

Kwa hiyo bibi au mjomba anayesema "mimi sihami, hawa watu wanataka kutusumbua tu" hasemi ovyo. Ana historia nyuma yake. Waliosubiri Vista ipite walifanya vizuri. Walioiruka Windows 8 walifanya vizuri pia.

Ila kuna jambo moja ambalo visa vya Vista huliacha. Waliobaki na XP mwaka 2007 hawakuwa peke yao. Kila mwezi Microsoft ilikuwa ikiwaletea viraka, yaani marekebisho ya kuziba sehemu ambazo wezi wangeweza kupenya. Mbacha wao ulikuwa mkuukuu, lakini kulikuwa na mtu anayeushona.

Usipoziba ufa

Tarehe 8 Aprili 2014 kushona huko kulikoma kwa XP. Serikali ya Uingereza, iliyokuwa na kompyuta nyingi za XP kwenye ofisi na hospitali, ililipa kiasi cha pauni milioni 5.5 ili ipate viraka kwa mwaka mmoja zaidi. Mwaka ulipokwisha, mkataba huo haukuendelea.

Sasa sikilizeni kilichotokea Ijumaa, tarehe 12 Mei 2017. Virusi vilivyoitwa WannaCry vilianza kuruka kutoka kompyuta moja hadi nyingine bila mtu kubonyeza chochote. Vilifunga mafaili na kudai dola 300 za bitcoin ili uyapate tena. Ndani ya siku chache vilifika nchi zaidi ya 150. Hapa England takriban theluthi moja ya mamlaka za hospitali za NHS ziliathirika. Sehemu tano wagonjwa wa dharura walilazimika kwenda hospitali za mbali zaidi. Baadaye ilikadiriwa kwamba miadi zaidi ya 19,000 ya wagonjwa ilifutwa, ikiwemo operesheni. Fikiria umesubiri operesheni miezi kadhaa, halafu unaambiwa rudi nyumbani, kompyuta zimefungwa.

Aliyevizima ni Marcus Hutchins, kijana wa miaka 22 aliyekuwa nyumbani kwao Devon. Aligundua kwamba virusi hivyo vinaiita anwani fulani ya intaneti isiyo na mwenyewe. Akaisajili kwa bei ndogo, na virusi vikaacha kuenea.

Wakati ule watu wengi walisema, "Si unaona, ndiyo matokeo ya kutumia XP." Uchunguzi rasmi ulionyesha mambo tofauti. Kompyuta nyingi za NHS zilizoambukizwa zilikuwa na Windows 7, ambayo mwaka 2017 bado ilikuwa ikihudumiwa. Kiraka cha kuziba tundu lile kilitolewa tarehe 14 Machi, karibu miezi miwili kabla. Kilikuwepo. Hakikuwekwa.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nadhani hakuna methali inayoeleza usalama wa kompyuta vizuri kuliko hii, na ilitungwa kabla ya umeme.

Kwa hiyo umri wa mfumo si ndio ulioleta maafa. XP ya mwaka 2007 ilikuwa ya zamani na inatunzwa. Windows 7 zile za 2017 zilikuwa na mtunzaji, lakini mlango haukufunguliwa kiraka kiingie. Swali ninalolipata hapo ni hili: nani anaziba nyufa za kompyuta hii, na mpaka lini?

Windows 10 inaingia wapi?

Ukiuliza hivyo, tarehe 14 Oktoba 2025 inaeleweka. Kompyuta haikuzimika, ila fundi aliondoka. Na kuna hatari isiyoonekana: Windows 10 na Windows 11 zina sehemu nyingi zinazofanana ndani. Kiraka cha Windows 11 kinapotoka, mwizi anaweza kukichunguza ajue tundu lilikuwa wapi, halafu akaende kulitafuta kwenye Windows 10 isiyozibwa. Yaani kila kiraka cha jirani kinakuwa ramani ya nyumba yako.

Lakini safari hii kuhama si suala la kutaka tu. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, inadai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na kwa upande wa Intel inakataa karibu prosesa zote za kabla ya kizazi cha nane, kilichoanza kutoka mwaka 2017. Kompyuta nzima, yenye kasi nzuri, inaambiwa haifai.

Shangazi yangu yuko Leicester, anafanya kazi ya kuwatunza wazee. Laptopu yake ni ya 2016. Ndiyo anayotumia kuingia benki, kutuma hela Tanga, na kuweka hesabu za upatu wa kina mama 15: nani kalipa, nani zamu yake. Nilipomwambia habari ya Windows 10 alinitazama kama nimemletea habari ya msiba wa mtu asiyemjua. "Mwanangu, mbona nzima hii? Sijaiona ikiumwa."

Nikamjibu, "Ni kweli shangazi, haiumwi. Ila daktari wake kaacha kazi."

Hapo akakaa chini. Alichokiogopa hakikuwa laptopu. Alisema hela za upatu si zake, ni amana, na akiibiwa yeye wameibiwa wote 15. Basi tukaanza kupiga hesabu kwa swali lile lile.

Njia ya kwanza: kuongeza muda. Microsoft ilitoa mpango wa viraka vya ziada kwa watu wa kawaida, ulioahidi kufika tarehe 13 Oktoba 2026. Nchi za Eneo la Kiuchumi la Ulaya ziliupata bure. Sisi Uingereza tumo kundi la wengine: unalipa kiasi cha dola 30, au unakubali mipangilio yako ihifadhiwe kwenye akaunti ya Microsoft na hulipi hela. Ile serikali ya 2014 ilinunua muda kwa mamilioni, shangazi anaupata kwa akaunti tu.

Njia ya pili: kompyuta mpya. Njia ya tatu: Linux, mfumo wa bure unaokubali mashine nyingi za zamani na una watu wanaouziba nyufa kila wiki. Msione ni kitu cha ajabu kwetu. Mwaka 2004 mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi kwa Kiswahili.

Shangazi akachagua muda wa ziada kwa sasa, na zamu yake ya upatu ikifika anunue mpya. Nikadhani tumemaliza. Akauliza, "Na hii kuukuu? Nitamtia kwenye mzigo binamu yako Tanga, anaanza chuo."

Na hapa ndipo nataka vijana wenzangu mnisikilize. Vitabu vya historia ya kompyuta huandika kana kwamba mtu akihama, mashine yake ya zamani inayeyuka. Kwetu haiyeyuki. Inafungwa kwenye nguo, inatiwa kwenye mzigo, inafika Tanga, Mombasa, Bujumbura. Kule inapewa mwanafunzi ambaye ataandikia kazi zake za chuo humo na kuifungulia akaunti zake. Tukihama sisi na kumwachia Windows 10 isiyo na viraka, tutakuwa tumehamisha ufa tu kutoka Leicester hadi Tanga.

Tumekubaliana kwamba kabla haijafungwa, laptopu ile itafutwa kila kitu cha shangazi na kuwekwa Linux, na binamu ataonyeshwa kwa video jinsi ya kuisasisha. Kazi ya jioni moja.

Kwa hiyo mzazi au shangazi akikuuliza kama ahame, usianze na rangi na madoido ya Windows 11. Fungua Settings, nenda Windows Update, muonyeshe mara ya mwisho kiraka kilipoingia. Halafu mwambie tarehe ambayo viraka vitakoma. Mtu mzima akijua tarehe anajipanga mwenyewe. Na kabla hujamaliza, muulize ile ya zamani inakwenda kwa nani.